SEVA WAKALA YA MAKTABA: KWA NINI MLANGO HUKATAA, NA NI IPI NJIA YA HALALI YA KUUFUNGUA

  

Wanafunzi wa elimu ya dini, wakiwemo maimamu wanaosoma vyuo vikuu huku wanasalisha, wametuletea lalamiko moja kwa sura nyingi. Maktaba ya chuo imewaambia kwamba jarida fulani limekwisha kulipiwa. Wakilifungua nyumbani wanatakiwa walipe dola. Mwengine anaingiza jina lake na neno lake la siri, anarudishwa pale pale, anaingiza tena, anarudishwa tena. Mwengine anaambiwa kwamba anwani aliyoitaka haijaruhusiwa na msimamizi, akadhani amefanya jambo baya. Kisha huja swali la pili, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu: je, inafaa nitumie neno la siri la ndugu yangu aliye chuo kingine, maadamu nia yangu ni elimu?

Maswali haya mawili hayatenganiki. Asiyejua kwa nini mlango umemkataa hawezi kujua kama yeye ni mwenye haki aliyezuiliwa kwa bahati mbaya au ni mtu aliyesimama mlangoni pasipo haki. Kwa hiyo tutaanza na kueleza mlango wenyewe, kisha tutaingia katika fiqhi yake.

WAKALA HUYU NI NANI?

Mchapishaji wa jarida hamjui mwanafunzi. Anachokijua ni namba. Kila mtandao unaotoka katika intaneti huonekana kwa namba iitwayo anwani ya IP. Maktaba inapolipa, humkabidhi mchapishaji namba zake, naye huziandika katika daftari lake: yeyote ajaye kwa namba hizi afunguliwe. Ndio maana aliyekaa ndani ya jengo la maktaba husoma bila ya kuulizwa neno. Akirudi nyumbani Tanga au Mombasa na kufungua simu yake, anatokea kwa namba ya kampuni ya simu, na mchapishaji hamtofautishi na mpita njia.

Hapo ndipo inapowekwa kompyuta katikati, iitwayo seva ya proksi, na wengine huiita seva wakala. Jina la pili limetupendeza zaidi kwa sababu limeafiki fiqhi bila ya kukusudia. Mwanafunzi huenda kwa wakala, akajitambulisha. Wakala akimjua, huenda yeye kwa mchapishaji kwa namba ya maktaba, akachukua ukurasa na kumletea mwanafunzi. Mchapishaji anamuona wakala tu.

Programu iliyoenea zaidi kwa kazi hii ni EZproxy. Ilitungwa mwaka 1999 na Chris Zagar, mkutubi wa chuo kimoja huko Arizona, Marekani, na Januari 2008 ikanunuliwa na OCLC, ushirika wa maktaba wenye makao yake Ohio. Zipo njia nyengine, kama vile Shibboleth na OpenAthens, ambamo chuo humthibitisha mwanafunzi kwa mchapishaji moja kwa moja bila ya kurasa kupita katikati. Maneno yetu hapa ni juu ya njia ya wakala.

Jambo la kufahamu, ambalo likifahamika nusu ya matatizo huwa mepesi, ni kwamba wakala huandika upya anwani. Tovuti ya www.jstor.org, ukiifikia kupitia kwake, haitasomeka hivyo juu ya kivinjari chako. Itasomeka www-jstor-org ikifuatiwa na jina la seva ya maktaba yako. Na kila kiungo kilichomo ndani ya ukurasa ule wakala hukigeuza kwa namna hiyo hiyo, ili ukibonyeza urudi kwake wala usimponyoke.

Sasa, katika fiqhi wakili hatendi ila ndani ya mipaka aliyowekewa. Uliyemtuma sokoni akununulie mchele hana ruhusa ya kukununulia punda, hata akiona punda ni rahisi. Seva wakala nayo ina mipaka yake, nayo imeandikwa katika faili la mipangilio. Katika EZproxy kila huduma iliyolipiwa ina mistari yake: mstari wa herufi T ni jina la huduma, wa U ni anwani ya kuanzia, wa H unaruhusu tovuti moja kwa jina lake kamili, na wa D unaruhusu kikoa kizima pamoja na matawi yake yote. Anwani isiyoingia katika mstari wowote, wakala haigusi. Na hapana ubakhili katika hilo. Lau wakala angekubali kwenda kokote anakotumwa, mtu mmoja muovu angezunguka dunia nzima akitenda aliyoyataka kwa jina la maktaba.

TAZAMA ANWANI KABLA YA KULALAMIKA

Watu wengi wanapokataliwa hutazama katikati ya ukurasa, palipoandikwa bei. Sisi tunasema: tazama juu kabisa, palipoandikwa anwani. Ikiwa jina la seva ya maktaba yako halimo katika anwani, basi hukupita kwa wakala, na mchapishaji kukudai pesa si kosa lake. Hili ndilo linalowapata walio wengi. Mtu ametafuta makala kwa Google, au ametumiwa kiungo na rafiki, akabonyeza na kwenda moja kwa moja. Dawa yake ni kuanzia katika orodha ya majarida iliyo katika tovuti ya maktaba, au kutanguliza mbele ya anwani ile maneno ya kuanzia ambayo kila maktaba inayo, yanayomalizika kwa login?url= kisha anwani yenyewe. Mkutubi yeyote atakupa maneno hayo, uyahifadhi.

Lakini huenda ulianza vyema, jina la maktaba likawemo, kisha ulipobonyeza "pakua" likatoweka. Hilo ni jambo jengine. Wakala huzigeuza anwani anazozikuta zimeandikwa. Tovuti za leo aghalabu haziandiki anwani, bali huitunga papo hapo kwa programu ndogo za JavaScript zinazofanya kazi ndani ya kivinjari chako. Anwani iliyotungwa namna hii humponyoka wakala, nawe unajikuta nje ya mlango bila ya kujua ulitoka lini. Msimamizi ana mistari maalumu ya kulishughulikia hilo, HJ na DJ, inayoiamuru seva ichungue na JavaScript. Msomaji kwa upande wake hana la kufanya ila kueleza kwa usahihi ni kitufe kipi kilichomtoa.

TOVUTI YA MTU WA TATU

Tumefika kwenye kiini cha malalamiko mengi. Ukurasa mmoja wa jarida leo haukai mahala pamoja. Maandishi yanatoka kwa mchapishaji, picha na mapambo yanatoka katika seva za kampuni nyengine ya usambazaji, faili la PDF linatoka kwa kampuni ya tatu, na kile kisanduku kinachokutaka uthibitishe kwamba wewe si roboti kinatoka kwa ya nne. Maktaba iliingia mkataba na wa kwanza tu, na aliyeandika orodha ya wakala huenda alimuandika wa kwanza tu.

Matokeo yake yana sura tatu. Ya kwanza ni ule ujumbe kwamba jina la tovuti halijaruhusiwa. Unamtisha msomaji, na kwa kweli ndio ujumbe bora kuliko yote, kwa sababu unataja wazi jina linalokosekana katika orodha. Linakili jina lile kama lilivyo, umpelekee mkutubi. Ataongeza mstari mmoja na jambo limekwisha. Sura ya pili ni ukurasa unaofunguka nusu: kichwa cha makala kipo, mwili haupo, au ukurasa wa PDF ni mweupe. Hapa hakuna ujumbe, na ndio maana watu huchukua siku nyingi wakilaumu simu zao. Sura ya tatu ni kile kisanduku cha roboti kukataa kila jibu. Kisanduku kile kimesajiliwa kwa jina la tovuti ya mchapishaji. Kinapojikuta chini ya jina refu la maktaba hakiitambui nyumba yake. Tiba yake huwa ni kinyume cha ile ya kwanza: msimamizi aitoe tovuti ile ya mtu wa tatu katika zinazopitishwa, ili kivinjari kiifikie moja kwa moja.

Mfano unaowagusa wasomaji wetu ni Encyclopaedia of Islam ya Brill wa Leiden. Toleo lake la pili lilianza kutoka mwaka 1954, la tatu mwaka 2007, na ni nadra mwanafunzi wa historia ya Kiislamu asiielekee. Kwa miaka mingi rejea hizo zilikuwa chini ya kikoa cha brillonline.com. Baadaye zikahamia chini ya brill.com. Maktaba ambayo orodha yake ilikuwa na jina la zamani peke yake, mwanafunzi wake aliyebonyeza kiungo kilekile alichokizoea alihamishwa na Brill mwenyewe hadi anwani mpya, na anwani mpya wakala haijui. Chuo kimelipa, mchapishaji amekubali, mwanafunzi ana haki, na bado mlango umefungwa kwa sababu ya mstari mmoja uliosahauliwa. Hali hii ni tofauti kabisa na ya mtu ambaye chuo chake hakikununua rejea hiyo. Ukurasa wa mwisho wanaouona wawili hao unaweza kufanana.

Kuna wanaouliza: kwa nini basi wasimamizi wasiruhusu vikoa vizima kwa mstari wa D wakapumzika? Hufanya hivyo panapofaa. Lakini kuruhusu kikoa kipana cha kampuni kubwa, chenye barua pepe, video na mambo mengine ndani yake, ni kumpa wakala ruhusa ambayo mwenye mali hakuikusudia, na kufanya siri za wasomaji zipite katika kompyuta ya maktaba bila ya haja. Tunawaunga mkono wanaobania hapa.

KUZUNGUSHWA MLANGONI

Ama anayerudishwa kwenye ukurasa wa kujitambulisha kila mara, tatizo lake kwa kawaida ni kidakuzi. Ukishajitambulisha, wakala hukupa kijibarua kidogo kinachokaa katika kivinjari, na kila unapoomba ukurasa unakionesha bila ya kuhisi. Kivinjari kikikataa kukiweka, wakala anakusahau saa hiyo hiyo. Tatizo huzidi pale makala inapofunguliwa ndani ya ukurasa mwengine, kama ule wa masomo wa chuo, kwa sababu kivinjari huona kidakuzi cha maktaba ni cha mgeni. Safari ya kampuni ya Apple imezuia vidakuzi vya namna hiyo tangu Machi 2020, na vivinjari vyengine vimebana kwa viwango mbalimbali. Fungua kiungo katika dirisha lake peke yake, na aghalabu mzunguko utakatika.

Onyo la cheti cha usalama ni jambo la kuheshimiwa. Kabla ya yote angalia tarehe ya simu au kompyuta yako. Ikiwa iko nyuma kwa mwaka mmoja, kila cheti kitaonekana batili. Tarehe ikiwa sahihi, basi huenda cheti cha seva kimekwisha muda, au hakiyafuniki majina yaliyotungwa. Cheti cha maktaba hufunika ngazi moja tu ya jina, na hiyo ndiyo sababu nukta za www.jstor.org hugeuzwa vistari: zikibaki nukta, jina huwa na ngazi nyingi kupita kiasi. Usibonyeze "endelea" ukaingiza neno lako la siri katika ukurasa ambao kivinjari kimeutilia shaka. Subiri, uliza.

Na seva chache za mtindo wa zamani hazitumii majina bali namba za milango, kuanzia 2048 kwenda juu, kila tovuti na namba yake. Mitandao mingi ya maofisi na migahawa hufunga namba zote isipokuwa zile za kawaida, 80 na 443. Mwenye tatizo hili ataona kwamba kwa simu inafunguka na kwa mtandao wa ofisini haifunguki.

KOSA LISILO LA MSOMAJI WALA LA WAKALA

Pengine chuo kimebadilisha kampuni ya intaneti, namba zikabadilika, na hakuna aliyemjulisha mchapishaji. Alama yake ni kwamba hata waliomo ndani ya jengo hukataliwa, tena wote kwa pamoja. Pengine tovuti yenyewe imeanguka: Oktoba 2023 mashambulizi ya kompyuta yaliangusha huduma za British Library, na msomaji wa hati za kale aliyekwama siku zile alikuwa hana wakala wa kumlaumu.

Na pengine mchapishaji amefunga makusudi. Mashine zao huhesabu. Anayepakua mamia ya makala kwa saa moja huonekana ni programu, si msomaji, na kwa kuwa mchapishaji anaona namba ya maktaba tu, adhabu humuangukia kila mtu. Mwaka 2010, kwa sababu ya upakuaji wa kupindukia uliofanywa katika mtandao wa MIT huko Marekani, JSTOR ilikifungia chuo kile kizima kwa siku kadhaa. Maprofesa na wanafunzi waliokuwa hawajui lolote walikatiwa. Hapa ndipo fiqhi inapoingia, kwa sababu dhara ya mmoja imewapata wengi.

WALIOTUTANGULIA WALISEMAJE?

Mas'ala ya kitabu kisichoruhusiwa kutoka mlangoni si mapya. Mwishoni mwa karne ya nane ya Hijra, Jamaluddin Mahmud al-Ustadar alijenga madrasa Cairo na kuiwekea vitabu vya thamani kubwa, kwa sharti kwamba kisitoke kitabu chochote katika madrasa. Mwaka 826 H (1423) vilipohesabiwa ilionekana kwamba takriban sehemu ya kumi imepotea, na mtunzaji akaondolewa. Aliyekuja kuishika kazi hiyo ni Imam Ibn Hajar al-Asqalani, mwandishi wa Fat-hul Bari, naye akaviandikia vitabu fahirisi. Huyo ni Hafidh wa zama zake, na hakuona ni udhalili kukaa akiorodhesha vitabu.

Kabla ya hapo Imam Taqiyyuddin as-Subki (aliyefariki 756 H / 1355) alilizungumzia sharti la baadhi ya waweka wakfu kwamba kitabu kisiazimwe ila kwa rehani. Akaeleza kwamba rehani kwa maana yake ya kisheria haisihi hapa, kwa sababu kitabu cha wakfu mkononi mwa msomaji ni amana, na rehani huwekwa kwa deni. Lakini yawezekana mwenye wakfu alikusudia maana ya kilugha tu: kitu kinachoachwa ili kiwe ukumbusho wa nani amechukua nini. Imam as-Suyuti ameyanukuu maneno hayo katika Al-Ashbah wan-Nadhair. Na sisi tukitazama kujitambulisha kwa wakala, pamoja na kile kidakuzi, hatuoni mfano ulio karibu zaidi kuliko ukumbusho huu wa as-Subki. Si bei, wala si adhabu. Ni alama ya kujulisha nani yumo ndani.

As-Suyuti mwenyewe (aliyefariki 911 H / 1505) aliandika risala fupi, Badhlul Maj-hud fi Khizanati Mahmud, juu ya maktaba ile ile ya Mahmud. Humo alitetea kwamba mwenye haja ya kweli ya kutunga, anayeaminika, anaweza kutolewa kitabu kwa kadiri ya haja yake, kwa kuangalia makusudio ya sharti, ambayo ni kuhifadhi vitabu na kunufaisha watu. Tumewasikia vijana wakiitumia rai kama hii kuhalalisha kupeana maneno ya siri. Kiasi hicho hakikai. As-Suyuti alikuwa anatetea kuazima kwa jina lake, mbele ya mtunzaji, kitabu kikajulikana kiko kwa nani. Anayeingia kwa jina la mwengine ameliondoa jambo lenyewe ambalo rai ile imesimama juu yake, nalo ni kujulikana.

Lililo wazi zaidi ni lile la Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 H / 1277) katika mlango wa ariya wa Minhajut Talibin, kitabu kinachojulikana vyema na wanafunzi wa pwani yetu. Kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu ya Shafi, aliyekodi anaweza kuazima kwa kuwa anamiliki manufaa, na aliyeazimwa hawezi kuazima mtu mwengine bila ya idhini. Lipime hilo katika hali yetu. Maktaba ni kama aliyekodi: imelipa na inawaazima wanafunzi wake kwa mujibu wa mkataba. Mwanafunzi ni aliyeazimwa. Neno la siri si mali yake ya kugawa. Wahanafi wana upana fulani pale ambapo matumizi hayatofautiani kwa kutofautiana watumiaji, lakini upana huo hausaidii penye sharti la wazi linalokataza, na karibu kila chuo humsomesha mwanafunzi sharti hilo siku ya kujisajili.

Hata hivyo, katika maneno hayo hayo ya Minhaj kuna faraja: aliyeazimwa anaweza kumuweka mtu wa kumtendea katika kuyapata manufaa yake. Imam mzee aliyejisajili chuoni, asiyeweza kompyuta, akikaa na mwanawe amshikie kipanya na kumfungulia makala, hakuna ubaya, kwa kuwa anayenufaika ni yule yule mwenye haki.

Ama asili ya haki ya mchapishaji, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha tano, Kuwait, Desemba 1988, kwa uamuzi namba 43 (5/5), ilikubali kwamba haki za utunzi na mfano wake ni haki zinazolindwa kisheria wala haifai kuzivamia. Wapo waliokuwa na mashaka, akiwemo Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, hali mwanawe Sheikh Muhammad Taqi Usmani akaelekea upande wa kuzizingatia. Lakini hata anayeifuata rai ya mashaka hatoki katika mas'ala yetu, kwa sababu sisi hatuzungumzii mtu anayenakili kitabu alichokinunua. Tunazungumzia mkataba uliotiwa saini na ahadi iliyokubaliwa, na Suratul Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Wallahu a'lam.

Tunakiri kwamba bei za wachapishaji hawa ni kubwa, na kwamba ni jambo chungu mwanafunzi wa Lamu kushindwa kusoma makala iliyoandikwa juu ya msikiti wa mtaani kwake. Uchungu huo tunao. Haugeuzi neno la siri la mtu kuwa mali ya umma.

MILANGO ILIYO WAZI

Kabla ya kukata tamaa, jua kwamba mikataba mingi ya maktaba inamruhusu mgeni asiyekuwa mwanafunzi asome akiwa ndani ya jengo, kwenye kompyuta za maktaba. Maimamu wengi hawajui hili na hawajawahi kuuliza. Mikataba mingi pia inamruhusu mwanachuoni kumtumia mwenzake nakala ya makala moja moja kwa ajili ya utafiti. Muulize mkutubi sharti la chuo chako, kwa sababu hazifanani. JSTOR humruhusu mtu binafsi aliyefungua akaunti kusoma idadi maalumu ya makala bila ya malipo. Kwa masomo ya sheria, mpango wa GOALI ulioanzishwa mwaka 2018 umefungua majarida kwa taasisi za nchi za kipato cha chini, na mwenye kuomba ni taasisi, kwa hiyo vyuo na madrasa zenye usajili zijihimu. Na hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha chini ya mpango wa Endangered Archives wa British Library ili zisomwe na yeyote, pasipo wakala wala neno la siri.

Ukibaki na mlango wa wakala tu, na una haki, basi mjaribu kwa mpangilio kabla ya kumuandikia mkutubi. Fungua huduma nyengine kupitia wakala huyo huyo. Ikifunguka, wakala ni mzima na tatizo ni la tovuti ile moja. Zikikataa zote, jaribu kivinjari chengine, kisha mtandao mwengine. Likibaki, tatizo ni la akaunti yako au la seva. Dakika kumi za namna hii humuokolea mkutubi siku nzima, na wakutubi wetu ni wachache.

Kisha muandikie. Mpe anwani nzima kama ilivyosomeka juu ya kivinjari, maneno ya ujumbe kama yalivyo bila ya kuyafasiri, jina la makala, saa na tarehe, aina ya simu au kompyuta, na kama ulikuwa nyumbani au chuoni. Picha ya skrini ni bora, maadamu anwani inaonekana ndani yake. Neno lako la siri usiliandike humo hata akiliomba, kwa kuwa msimamizi wa kweli halihitaji. Na ikiwa una khutba au swali la mirathi linalongoja, mwambie tarehe yake, na umuombe akutumie makala ile moja wakati mstari unarekebishwa, maana yeye anazijua idhini za mkataba kuliko wewe.